Je, Wajua? Kabla Hujaifungua Pampu

Je, wajua kwamba injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 na silinda sita ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, haihitaji kompyuta kuamua dizeli iingie lini na kiasi gani? Kila uamuzi hufanywa na vyuma: springi, vizito vinavyozunguka na plunja moja ndani ya pampu. Ndiyo maana Land Cruiser zinazobeba watalii Serengeti na Maasai Mara bado zinatengenezeka porini na mtu mwenye spana namba 17, masikio mazuri na subira. Subira ndiyo hukosekana. Gari likipungukiwa nguvu, neno la kwanza kusikika gereji ni "pampu imekufa", na pampu ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye njia ya dizeli. Mara nyingi ndicho cha mwisho kuwa na kosa.

Je, wajua kwamba plunja hiyo moja hulisha silinda zote sita? Huzunguka huku ikienda mbele na kurudi nyuma, na kila inaposukuma, tundu lake linakuwa limeelekea kwenye paipu ya silinda nyingine. Muundo huo, uitwao VE, ni wa Bosch ya Ujerumani wa miaka ya 1970, na Denso ya Japani ikautengeneza kwa leseni. Land Rover za 200Tdi na 300Tdi nazo zina pampu ya ukoo huohuo, kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanawahusu wenye Land Rover pia.

Wajua ni dizeli kiasi gani inayoingia kila mara? Piga hesabu. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, nozeli zake kwa jumla zinapuliza mara 100 kila sekunde, yaani mara 360,000 kwa saa. Kama gari linakunywa lita 9 kwa saa, kila mpulizo ni milimita za ujazo 25, takriban nusu ya tone la maji. Nozeli ikipuliza pungufu kidogo tu kwenye kiasi hicho, utaisikia injini inamisi.

Nafasi iliyopo kati ya plunja na nyumba yake ni mikroni mbili au tatu. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Vumbi usiloweza kuliona kwa macho lina ukubwa wa kutosha kuikwaruza plunja.

Je, wajua kwamba njia ya dizeli inaweza kuwa na tundu na tone lisidondoke chini? Hili ndilo ningependa kila dereva wa 1HZ alijue kuliko yote. Injini hii haina pampu ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tenki. Ndani ya pampu kubwa kuna kipampu cha mapanga kinachovuta dizeli njia nzima, kupitia filta. Kwa hiyo penye ufa, dizeli haitoki. Hewa ndiyo inayoingia. Ukilala chini ya gari na tochi utakuta pakavu kabisa, nawe utaamini njia ni nzima. Usiku kucha dizeli inarudi tenkini taratibu kwa kuwa hewa imepata pa kupenya. Asubuhi gari linawaka, linaunguruma sekunde chache, linazima. Baada ya hapo stata inazungushwa mpaka betri inachoka. Mafundi wanasema limeshika upepo, na wengi huutoa upepo huo na kuliacha tundu palepale, kwa hiyo kesho asubuhi hadithi inaanza upya.

Kuna njia rahisi ya kulikamata tundu. Tafuta kipande cha mpira unaoonyesha ndani, wa kipenyo kinacholingana na paipu, ukifunge kwa klampu kati ya filta na pampu. Washa injini, inama, tazama. Dizeli iliyo safi ikipita huwezi hata kuona kama inatembea. Mpira unaonekana umejaa tu, umetulia. Vipovu viwili vitatu mwanzoni si neno, ni hewa uliyoiingiza wewe mwenyewe ulipofungua. Lakini vikiendelea kupita mfululizo, vidogovidogo, na ukipiga resi vinaongezeka, basi hewa inaingia mahali kabla ya hapo. Sasa uhamishe mpira huo nyuma hatua moja: kabla ya filta, halafu karibu na tenki. Pale vipovu vinapokoma, tundu liko kati ya mahali hapo na pale ulipopima kabla yake. Hujafungua hata nati moja ya pampu.

Sehemu za kushuku ni hizi hizi kila siku: klampu iliyolegea, mpira mkongwe wenye nyufa nyembamba pale unapovalia paipu, raba ya filta iliyofungwa bila kufutwa mchanga, na diaframu ya pampu ya mkono. Kwenye magari yanayoshinda barabara za vumbi zenye mawimbi, kagua pia paipu ya chuma pale inapofungwa kwenye chesi. Mtikisiko huisugua hapo mpaka inakonda.

Je, wajua kwamba dumu la lita 5 linaweza kukuokoa gharama ya kufungua pampu? Lijaze dizeli safi, liweke juu kuliko injini, uchomoe njia inayotoka tenkini na uilishe pampu moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kupitia filta mpya. Mpira unaorudisha dizeli nao uutumbukize humo. Gari likivuta vizuri, pampu na nozeli hazina kosa. Kosa liko nyuma, kwenye tenki, paipu au filta ya zamani. Likiendelea kukohoa, umeshaondoa nusu ya gari kwenye mashaka. Nashangaa jinsi jaribio hili linavyofanywa mara chache, ilhali halichukui hata nusu saa.

Mfuniko wa tenki nao unaweza kuzima gari. Tundu lake la kupumulia likiziba kwa tope, dizeli inapopungua tenkini hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, na pampu inashindwa kuvuta. Dalili yake haifanani na nyingine: gari linakwenda vizuri kwa muda, linapoteza nguvu, linazima, likipumzika linawaka tena kama si lenyewe. Fungua mfuniko mara tu linapozima. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani, umempata mwizi.

Je, wajua kwamba pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya Toyota inazungumza? Iminye. Ikiwa ngumu baada ya kuminywa mara kadhaa, dizeli imejaa na njia haina hewa. Ikibaki laini hata ukiminya sana, kuna hewa inayoingia. Na ukiiminya ikakataa kurudi juu, au ikarudi kwa uvivu, basi kuna kizuizi kati yake na tenki: chujio la tenkini limeziba, au mpira umejikunja kwa ndani. Wenye 300Tdi wanayo ya kwao, wenzo mdogo kwenye pampu ya kusukuma dizeli ubavuni mwa injini. Ukiutikisa ukauona hauna uzito wowote, usikimbilie kununua mpya. Huenda injini imesimama pale ambapo kemu imeishikilia pampu hiyo. Izungushe injini kidogo kisha ujaribu tena.

Maji. Ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, ndipo chujio la tenkini linapovutia. Yanatoka wapi? Mengine yanatoka kituo cha mafuta, mengine ni umande wa ndani ya tenki lenyewe: tenki lililolala nusu linabaki na hewa nyingi, na baridi ya usiku inageuza unyevu wa hewa hiyo kuwa matone. Ndiyo sababu madereva wazoefu wa mbugani hujaza tenki jioni, si asubuhi. Land Cruiser nyingi za dizeli zina kinasa maji chini ya filta, chenye boya linalowasha taa ya njano kwenye dashibodi. Taa ikiwaka, legeza skrubu iliyo chini, minya pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, kaza. Hii ni kazi ya dakika chache. Dereva anayeziba taa hiyo kwa kipande cha plasta anaiua pampu yake kwa mkono wake.

Je, wajua kwamba kuna viumbe wanaoishi ndani ya dizeli? Bakteria na kuvu hustawi pale maji na dizeli vinapokutana. Wanakula dizeli na kunywa maji. Kuvu mmoja anayejulikana sana kwa tabia hiyo anaitwa Hormoconis resinae. Ukifungua filta ukakuta ute mweusi unaoteleza na wenye harufu ya uvundo, si uchafu wa barabarani huo. Kubadilisha filta peke yake hakutasaidia. Tenki lishushwe, lioshwe, likaushwe.

Wajua pampu ya VE inalainishwa na nini? Na dizeli yenyewe. Haina oili yake. Kwa hiyo mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli, pampu inasagika kimyakimya, maana mafuta ya taa ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha. Tanzania ilipochoshwa na uchakachuaji, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kusimamia uwekaji wa vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Nazitaja sheria hizo kwa sababu zimelinda pampu nyingi kuliko fundi yeyote.

Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Wengi husema salfa ndiyo iliyokuwa inalainisha pampu. Sivyo. Kinacholainisha ni kemikali nyingine zilizomo kwenye dizeli ambazo huondoka pamoja na salfa kiwandani, na kiwanda kinachofuata kanuni huongeza kilainishi baadaye. Petroli ikiingia kwenye tenki la dizeli kwa bahati mbaya, hatari ni ileile ya kukosa utelezi. Usiwashe hata kulisogeza gari pembeni. Sukuma.

Je, wajua kusoma moshi? Mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa kabla ya kugusa chochote kingine, hasa kama mnatembea msafara na wewe ndiye wa nyuma unayekula vumbi la wenzako. Mweupe unaochoma macho: dizeli inapita bila kuungua. Wa bluu: oili inaungua, na hapo nozeli hazihusiki. Mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Zima injini, omba kuvutwa.

Urefu wa mahali nao una mkono wake. Ukitoka Dar es Salaam ukafika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa imepungua kwa karibu robo. 1HZ haina taabo. Dizeli ni ileile, hewa ni pungufu, moshi unakuwa mweusi kwenye kilima na nguvu inashuka. Baadhi ya pampu zina kidude juu yake cha kupunguza dizeli kadiri gari linavyopanda, nyingi hazina. Kwa hiyo usimruhusu mtu aikoroge skrubu ya dizeli huko juu ili moshi uishe, kwani ukirudi pwani utashangaa nguvu imekwenda wapi.

Je, wajua jinsi ya kumjua mgonjwa kati ya silinda sita? Injini ikiwa imewaka bila kukanyagwa, zungushia kitambaa nati ya paipu juu ya nozeli moja, ilegeze kidogo kwa ile spana namba 17, usikilize. Mlio ukibadilika na injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Ukilegeza nati na mlio usibadilike hata kidogo, huyo ndiye. Bado hujajua kama ni nozeli au mgandamizo. Badilishanisha nozeli hiyo na ya jirani kwa washa mpya za shaba: ugonjwa ukihama na nozeli, nozeli ndiyo mbovu, ukibaki palepale, pima mgandamizo wa silinda.

Vaa miwani, na usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Presha yake ni zaidi ya mara 100 ya presha ya hewa ya kawaida, na dizeli hupenya ngozi na kusambaa ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo sana na hakiumi mwanzoni, lakini ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo. Watu wamepoteza vidole kwa kuamini kitapona chenyewe.

Na jaribio hilo la kulegeza nati ni la injini za zamani pekee. Kwenye Land Cruiser zenye injini ya V8 ya dizeli iliyotoka 2007, na nyingine zote za komoni reli, presha ndani ya paipu inazidi mara 1,000 ya presha ya hewa. Hapo nati haiguswi injini ikiwa imewaka.

Je, wajua kwamba gari linaweza kukataa kuwaka kwa kukosa mlio mmoja mdogo? Nyuma ya pampu kuna solenoidi ya kuzimia. Geuza ufunguo bila kupiga stata huku mwenzako ameweka sikio karibu: lazima isikike "tak". Kusipokuwa na mlio, kagua fyuzi na waya wake kwanza. Waya mmoja kutoka betri chanya hadi kwenye solenoidi, ukiwa na uhakika wa volti zake maana kuna Land Cruiser za 12 na za 24, utakuambia kama kosa ni umeme au ni solenoidi yenyewe. Kwa waya huohuo unaweza kufika gereji. Kuzima ni kuuchomoa.

Hita plagi zina kesi yake. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na 1HZ hugandamiza hewa zaidi ya mara 22. Lakini alfajiri ya baridi vyuma hunyonya joto hilo, nao mlipuko huanzia kwenye chumba kidogo cha pembeni ambacho ni lazima kipashwe. Gari likisumbua asubuhi, likitoa moshi mweupe kisha likatulia, toa ule ukanda unaounganisha hita plagi, chukua taa ya kupimia iliyounganishwa na betri chanya, gusa kila moja. Isiyowasha taa imekufa.

Na wenye petroli? Land Cruiser ya 1FZ-FE, lita 4.5, iliyoanza 1992, ina kompyuta, lakini kompyuta hiyo husema bila mashine. Kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, tazama taa ya injini. Ikipepesa haraka bila kupumzika, haijaona kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mara nne kisha moja ni 41, sensa ya kilango cha hewa. Tahadhari: sensa inayodanganya kidogokidogo haitoi namba yoyote. Ile ya joto la maji ipime kwa mita. Kwenye nyuzijoto 20 isome kiloomu 2 hadi 3. Kwenye 80 ishuke hadi 0.2 au 0.4. Ikibaki juu, kompyuta inaamini injini ni ya baridi siku nzima na kumwaga petroli. Injekta nazo sikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injekta na mpini kwenye sikio. Inayobisha inafanya kazi. Iliyonyamaza, fuata waya wake.

Je, wajua kwamba kwenye Land Rover ya Td5, iliyotoka 1998, oili ya injini husafiri ndani ya nyaya? Nyaya za injekta zinapita chini ya kava la juu ya injini, kwenye oili. Oili hiyo hupenya kwenye plagi, ikatambaa ndani ya ganda la waya mpaka kwenye kompyuta, ambayo kwa Defender iko chini ya kiti cha mbele. Gari linaanza kumisi, na injekta zinabadilishwa bila sababu. Chomoa plagi nyekundu ya kompyuta uitazame. Ikiwa imelowa oili, badilisha nyaya za ndani ya kava na uisafishe plagi. Itahitaji kusafishwa tena mara kadhaa mpaka oili iliyobaki kwenye waya iishe.

Ukishapita yote hayo na pampu ikabaki kuwa ndiyo yenye kosa, ishushwe. Kabla haijalegezwa, piga mstari wa msumari unaopita kwenye pampu na kwenye injini ili irudi palepale; kuigeuza hata milimita moja kunabadilisha wakati wa kupuliza. Paipu sita za presha usikubali zikatwe wala zinyooshwe: zimekunjwa vile ili zote ziwe na urefu mmoja, ingawa silinda ya kwanza na ya sita haziko umbali sawa. Mwambie fundi wa pampu akuandikie vipimo vya mashine, kiasi cha kila tundu kabla ya matengenezo na baada. Na kila paipu inapofunguliwa, iwekewe kizibo safi saa ileile, kabla hata spana haijawekwa chini.